Jinsi Nilivyoilaza Pikapu na Joto Kule Matete

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivi mapema ili msomaji asikae akingoja nishangae. Mtu aliyeacha shule darasa la tano, akaanza kuuza vipande vya miwa kwenye ndoo kando ya barabara ya Mayoni, na leo ana trekta mbili za kubeba miwa na duka la vyuma lenye milango mitatu, huyo amekwisha kuona. Nimeona trekta ikizama kwenye tope hadi usukani, nikaitoa. Walimu walionichapa sasa wananiita Mkurugenzi. Kwa hiyo niliposafiri kwenda Matete mwezi wa saba, sikwenda kujifunza kitu. Nilikwenda kuonwa.

Sababu yenyewe ilikuwa mjukuu. Binti yangu Zaituni, aliyeolewa huko Matete, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza kwake na wa kwanza kwangu. Mama yake alikuwa ameshakwenda akamwona, akarudi jioni ile ile na habari kwamba mtoto ana masikio yangu. Mwanamume akisikia kwamba masikio yake yako Matete, atakaaje Mayoni?

Lakini kwetu mzazi haruhusiwi kulala kwa binti yake aliyeolewa. Anafika mchana, anakula, anasifu, anaondoka jua likiwa bado juu. Kulala chini ya paa la mkwe ni mwiko, na ubaya wa mwiko huo ni kwamba haumfuati mzee aliyelala. Unabaki na binti. Mtoto akipata homa, ng'ombe akitupa mimba, mahindi yakinyauka, watu watasema: mnakumbuka usiku ule baba yake alilala hapa?

Mila hizi mimi nazijua kuliko hao watu wa Matete. Walipokuja kuposa niliwarudisha mara tatu. Koti la baba mzazi, ambalo ni haki yangu, walilileta bila bitana ndani. Nikakataa kulivaa. Mama Ismaili, mama yake mkwe wangu, mjane wa maneno machache na macho mengi, aliniuliza kama joto la koti linatoka kwenye bitana au kwenye mwili wa aliyelivaa. Nikamjibu mbele ya wazee wote, "Mama, mila ni mila. Hata bitana ni mila." Wiki iliyofuata wakaleta koti la sufu, la kahawia, lenye bitana inayong'aa kama ngozi ya nyoka. Hilo ndilo nililovaa siku ya safari.

Mayoni, alfajiri, kulikuwa na umande kwenye miwa na moshi kwenye majiko. Pikapu yangu ni ya dizeli, ya siku nyingi, ngumu kama mimi. Ina tabia moja tu: ikipoa, haiwaki. Zile hita plagi zinazopasha moto injini kabla ya kuwaka zilikufa zamani. Ikishapata joto, haina neno, inaweza kukufikisha hata Sudani. Basi mimi huilaza kwenye mteremko mbele ya duka, asubuhi naiachilia, natia gia ya pili, inakohoa mara mbili na kuwaka. Majirani wameshazoea kuamka kwa sauti hiyo.

Mke wangu alisimama mlangoni na leso mabegani akauliza, yeye aliyekwisha kufika huko, kama Matete kuna mteremko. Nikamwambia mteremko uko kila mahali, inategemea dereva. Akasema, "Basi usizime hiyo gari, Baba Zaituni. Na usilale." Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha nani mila katika nyumba hii. Akafunga mlango.

Mumias nilisimama kununua sukari, mkebe wa mafuta ya kupikia, na mchele wa kuwapelekea wazee wa Matete. Niliacha injini ikinguruma nje. Mwenye duka, tuliyesoma naye madrasa tukiwa wadogo, aliniamkia asalaam aleikum akauliza kama nakimbizwa. Nikamjibu waaleikum salaam, mtu mwenye shughuli hazimi gari. Akatikisa kichwa kwa heshima. Au niliona ni heshima.

Kakamega mjini nilipita kwa fundi wangu ili asikilize mlio. Alifungua boneti, akaweka sikio, akasema injini nzima, ila hita plagi nne anazo, mpya, elfu mbili na mia nane zote, na kuzifunga atanifungia bure. Nikamwambia gari huwaka kwa dereva, si kwa plagi. Yeye alikuwa amekwisha kufuta mikono. "Sawa, Mkurugenzi," akasema. "Huko juu kuna baridi lakini. Usizime." Nikashangaa kwa nini watu wote siku hiyo walikuwa na neno moja. Hapana, sikushangaa. Niliona tu.

Malava barabara inaingia kwenye msitu, na pale baridi ilianza kupita mahali mpira wa mlango ulipokatika. Miti imeinama juu ya lami, tumbili wamekaa kando wakitazama magari kama wazee wa baraza. Nilifunga vifungo vya koti. Niliipapasa bitana ndani ya mfuko nikafurahi kwamba nilikuwa mkali siku ile.

Matete nilifika kabla ya adhuhuri. Nilipita sokoni polepole, dirisha wazi, mkono nje, ili atakayetaka kuona aone. Kutoka sokoni njia inateremka katikati ya mahindi, inateremka tena, inapita kisima, inateremka tena. Mke wangu aliuliza kama kuna mteremko. Ulikuwepo, tena mrefu. Ila wote ulikuwa umeishia kwa Mama Ismaili. Boma lake liko bondeni kabisa, uwanja tambarare kama sinia, na nyuma yake ni mto.

Niliegesha katikati ya uwanja, nikavuta breki ya mkono, nikashuka na kuacha injini ikinguruma. Zaituni alitoka na mtoto mgongoni, amenenepa, amependeza. Alipiga goti kunisalimu. Nilitaka kumpokea mtoto hapo hapo, lakini Mama Ismaili alisema kwanza ninawe, nina harufu ya dizeli. Ismaili, mkwe wangu, karani wa ofisi ya kata, kijana mpole anayeongea kama anaomba msamaha, alipokea mizigo. Alikuwepo pia Mzee Saidi, ndugu ya marehemu baba yake Ismaili, ambaye boma lake liko juu kidogo ya hapo.

Tulikaa sebuleni. Salamu zikaenda, zikarudi. Kuku alikuwa ameiva. Harufu ya ingokho ya kienyeji haihitaji kutangazwa. Lakini chakula hakikuja. Nikasifu nyumba. Hakikuja. Nikasifu mahindi. Mwishowe Zaituni alikuja akaniinamia sikioni akasema mama mkwe amefunika sufuria.

Mama Ismaili mwenyewe alisimama mlangoni, mikono ndani ya leso. "Baba Zaituni," akasema, "hapa kwetu mgeni akiacha gari inanguruma nje ni kama amekuja kula akiwa amesimama. Sisi hatupakuliangi mtu aliyesimama."

Nikamweleza kwamba ni desturi ya magari makubwa. Akatazama nje, akatazama gari langu. Mzee Saidi alikohoa. Zaituni alitazama chini, na nilijua hiyo ingokho ikikataliwa siku hiyo, habari zake zitafika sokoni kabla yangu. Basi nikatoka nikazima. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa sana. Nilisikia hata mto.

Nilikula, na sitasema uongo, nilikula vizuri. Obusuma, yaani ugali wa wimbi, mweusi, mgumu kama unavyotakiwa, na firigisi waliniwekea mimi kama inavyostahili. Nikawasimulia jinsi nilivyoanza na ndoo ya miwa. Mzee Saidi akaniuliza ndoo hiyo sasa iko wapi. Mtoto alikuwa amelala, wakasema akiamka nitampakata. Na wakati nikimalizia supu, mvua ya Matete ikaja. Haikunyesha kwa saa moja wala mbili. Ilinyesha mpaka kuku wakaanza kurudi ndani wenyewe.

Ilipokatika, jua lilikuwa limeinamia upande wa Bungoma na baridi imepanda kutoka mtoni. Niliaga kwa sauti kubwa. Wakanipa kuku wa kwenda naye nyumbani, jike mweupe, amefungwa miguu. Nikapanda, nikawasha. Starta ikalia, rrr, rrr, kama mtu anayekataa kuamka. Nikangoja kidogo kama mtu anayetafakari. Nikajaribu tena. Ismaili na Mzee Saidi walisukuma, tairi zikachora mitaro miwili uwanjani, gari likasogea upande badala ya mbele na kukwama mkabala na ukuta wa jiko la Mama Ismaili.

Hapo ndipo Mama Ismaili aliponipa njia, na naiandika ili isisemwe kwamba sikupewa. Alisema ng'ambo ya mto kuna jirani, si wa ukoo wao, ana chumba. Nikilala kwake hakuna mwiko wowote, na asubuhi wataniletea chai huko. Ismaili akasema atanivusha.

Nikafikiri. Kwa jirani ningelazimika kueleza kwa nini nimelala. Asubuhi soko zima lingejua kwamba pikapu ya Mkurugenzi wa Mayoni imekufa bondeni kwa mkwe wake. Nikawaambia gari halijafa, limepoa tu, na dereva hawezi kuliacha gari lililopoa. Nitalala ndani yake. Gari si paa la mkwe. Gari ni langu, lina namba yangu ya usajili, nimelinunua kwa jasho langu. Hakuna mwiko unaoingia kwenye pikapu.

"Una hakika?" Mama Ismaili akauliza.

"Mama," nikamwambia, "mila nazijua."

Akaingia jikoni.

Sasa ninawaambia wasomaji jinsi ya kulaza gari la dizeli na joto, maana hili silo jambo la kubahatisha, na wengi wenu mngeligandisha. Kwanza, liegeshwe pua ikitazama ukuta ili upepo usipige injini; hilo lilikuwa limeshajiegesha lenyewe. Pili, boneti ifunikwe. Nilitandika magunia mawili, na juu yake nikavua koti langu la sufu nikalitandaza, bitana ikiwa chini, maana bitana ndiyo inayoshika joto. Tatu, karai la makaa. Niliomba makaa kwa Zaituni, nikayaacha yakashika vizuri nje mpaka moshi ukaisha, nikayafunika na majivu ili yaungue polepole, nikaliweka karai chini ya tumbo la injini, mahali oili inapolala, juu ya mafiga matatu madogo. Kuna wajinga huingiza makaa ndani ya gari wakafunga vioo. Hao hawaamki, na mimi nimesaidia kuwazika. Makaa hukaa nje, chini.

Nne, ndani ya kichwa cha gari huwekwa maji ya moto. Zaituni aliniletea mtungi uliojaa, nikauweka miguuni. Tano, na hili hata fundi wangu wa Kakamega halijui, betri hutolewa ikalala na dereva, maana betri ikipata baridi inakuwa kama mgonjwa. Niliifungua, nikaifuta, nikaiviringisha kwenye blanketi dogo na kuilaza kando yangu kwenye kiti. Yule kuku niliyepewa nilimweka chini ya dashibodi, kwa sababu kuku naye ana joto lake.

Zaituni alisimama nje ya dirisha akinitazama nikipanga. Aliuliza, "Baba, kwa nini usivuke tu mto?" Nikamwambia akalale, mtoto asipigwe na baridi.

Nililala kama mfalme. Joto lilipanda kutoka chini, joto likatoka miguuni, kuku akawa anaguna kidogo katika usingizi wake. Nje ukungu ulishika bonde lote mpaka nikawa sioni hata jiko lililokuwa mbele yangu. Nilifikiri juu ya watu wote waliosema nisizime, nikawasamehe.

Asubuhi niliamka kabla ya jogoo wao, nikatawadha kwa yale maji ya mtungi, ambayo bado yalikuwa vuguvugu, nikaswali kando ya gari. Nikarudisha betri. Nikavuta pumzi. Nikawasha.

Iliwaka mara moja. Haikukohoa. Haikusita. Ilinguruma bondeni kama siku ilipotoka kiwandani, na kule juu mbwa wa Mzee Saidi akaanza kubweka. Nawaomba mkumbuke jambo hili mnaposoma yanayofuata: iliwaka mara moja. Nilipiga honi kidogo, kwa furaha tu.

Mama Ismaili alitoka jikoni na kikombe cha chai mkononi. Hakunipa. Alizunguka gari mara moja, polepole, akainama, akatazama chini ya injini, akatazama boneti, akachungulia dirishani. Kisha akasimama mbele ya pua ya gari na kumtuma Ismaili amwite baba yake mdogo. Mimi nilidhani wanakuja kuniaga.

Nikataka kuzima ili tuongee. "Usizime," Mama Ismaili akasema. "Jana ulikuwa na haraka. Leo iache tu ingurume."

Mzee Saidi alifika na fimbo na koti la mvua. Mama Ismaili akamwomba aangalie, aseme anaona nini. Mzee akainama kwa shida. Akasema anaona mafiga matatu na moto juu yake.

"Na hapo juu?"

"Pamefunikwa."

"Na ndani?"

Mzee Saidi akatia kichwa dirishani. Akasema anaona mtungi wa maji, anaona kuku, na kitini, palipolalwa, kuna blanketi la mtoto.

"Ni la betri," nikasema.

Mama Ismaili akachukua lile blanketi kutoka kitini, akalikunjua, akaliinua. Lilikuwa blanketi dogo la manjano lenye picha ya bata, la mjukuu wangu. Zaituni alikuwa amenipa usiku, nami sikuliangalia. "Baba Zaituni," akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo, "gari ni gari. Mtu akilala kwa gari, amelala kwa gari, hatuna neno. Lakini wewe umepiga mafiga, umewasha moto, umeezeka, umeweka maji, umefuga kuku, na umelaza kitu ndani ya blanketi. Kwetu nyumba inajulikananga kwa moto. Umejenga nyumba kwa boma la mkwe wako, na umelala ndani."

Nikacheka. Nikasema hiyo ni hekima ya wapi, gari lina magurudumu. Mzee Saidi akasema nyumba ya ndege nayo iko juu ya mti na bado ni nyumba. Nikamwambia hata dini yetu haina kitu kama hicho. Akasema dini haina bitana pia, na bado wao walivuka mto Nzoia mara mbili kuitafuta ile ya koti langu.

Hapo nilijiweka sawa kitini. Kisha nikaanza kutetea: namba ya usajili, jasho langu, tofauti ya paa na boneti. Nilitetea vizuri. Nimewashinda watu wa kiwanda cha sukari kwenye mizani ya miwa, sembuse mjane wa Matete. Jua likapanda, injini ikinguruma, mshale wa dizeli ukishuka, na watu waliokuwa wakienda kisimani wakaanza kusimama kwenye ua na madumu yao. Ismaili alijaribu kusema kwamba labda kwa vile mzee hakujua. Nikamkatiza. Nikasema mimi ninajua kila kitu.

Mama Ismaili akaniambia, "Basi kama unajua, sema wewe mwenyewe. Mila ni mila, au si mila?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa na jibu, jibu zuri sana. Lakini Zaituni alikuwa amekuja akasimama upande wangu wa dirisha, mtoto mkononi, na akaweka mkono juu ya mlango pale ninapowekanga mkono wangu nikipita sokoni. Alisema polepole ili wa kisimani wasisikie.

"Baba, wewe utaenda. Mimi ndiye nitabaki hapa. Huyu akikohoa wiki ijayo, watahesabu usiku wa jana. Akichelewa kutembea, watahesabu usiku wa jana. Nisipopata mwingine, ni usiku wa jana. Wewe shinda tu, Baba. Lakini ukishinda, mimi ndiye nitalipa."

Sijui kama mnajua jinsi pikapu inavyotetemeka ikikaa muda mrefu bila kutembea. Usukani wote unatetemeka. Nilifungua mlango nikashuka. Nikamwambia Mama Ismaili mila ni mila. Nikamuuliza inatakiwa nini.

Ilitakiwa kondoo. Ismaili alipanda sokoni na pesa zangu akarudi naye, jike, mweusi, kwa sababu siku hiyo weupe walikuwa hawapo na mwenye kondoo aliona Ismaili ana haraka. Ilitakiwa pia sukari na unga kwa waliokaa kusikiliza, na waliokaa kusikiliza walikuwa wameongezeka. Mzee Saidi akachinja kwa bismillahi, kisha akachukua yale majani yaliyosagika tumboni mwa kondoo, akapaka kidogo kwenye kila gurudumu, na fungu zuri kwenye boneti. Mimi mwenyewe nililichukua karai la makaa kwa mikono yangu, nikalivusha ng'ambo ya ua, nikamwaga moto wangu mtoni. Ulilia kidogo, ukazimika. Walipiga vigelegele wale wa kisimani. Nyumba yangu ilikuwa imevunjwa.

Nilipoinama kuchukua koti, Mama Ismaili akaweka kiganja juu yake. Alisema nyumba ikivunjwa, mwenyewe anaondoka na watu wake na kuku wake, lakini ezeko hubaki bomani. Nikamwambia koti la mahari halirudi, kurudisha koti ni kama kurudisha binti. Akasema hakuna anayerudisha kitu. Alilikunjua, akapangusa masizi, akageuza ndani akaitazama bitana kwa muda, akaipitisha kidole.

"Kweli inashika joto," akasema.

Kisha akamchukua mtoto kwa Zaituni, akamviringisha kwenye lile koti, mara mbili, mpaka yakabaki masikio na pua. Akaja akaniwekea mikononi. Hakusema ninawe. Nilikuwa nanuka dizeli, makaa na tumbo la kondoo, na mtoto akanitazama kama mtu aliyekwisha kusikia habari zangu. Mama yake Zaituni alisema kweli kuhusu masikio. Nikakaa naye kwenye ngazi ya pikapu mpaka akalala. Hakuna aliyeharakisha. Chai ikaja, na mara hii ilikuwa yangu.

Malava nilipita nikiwa na shati tu, kuku mweupe kando yangu, na sikusimama. Baridi ilikuwa ile ile ya jana, ila mpira wa mlango ulikuwa kama umekatika zaidi.

Kakamega mjini niliosha gari. Kijana wa kuosha aliuliza ni majani gani haya kwenye boneti, nikamwambia nilipita shambani. Fundi wangu aliniona kwa mbali akainua mkono wenye hita plagi. Nikainua wangu usio na kitu, nikapita. Dukani kwa Mhindi nilinunua koti jingine, maana mtu kama mimi hawezi kuingia Mayoni na shati. Halina bitana. Yenye bitana walikuwa nayo, lakini bei yake ni ya watu wanaoposa.

Mayoni, magharibi, niliegesha kwenye mteremko wangu. Mke wangu alihesabu kwa macho: kuku mmoja, koti jipya, mume mmoja. Aliuliza nililala wapi. Nikamwambia nililala kwangu. Zaituni alipiga simu usiku huo akasema mtoto hakohoi, na koti hawajalitoa kitandani.

Mliosoma mpaka hapa mtaona kwamba nilisema kweli, hakuna kilichonishangaza. Na njia yangu ya kulaza gari na joto inafanya kazi. Iliwaka mara moja, mashahidi wako ng'ambo ya ua na madumu yao. Nilichojifunza ni kidogo tu, na nakitoa bure kwa wenzangu wenye magari ya dizeli na mabinti walioolewa: moto ukiwashwa mahali, mahali hapo pana mwenyewe, na yafaa ujue kwanza ni nani. Plagi bado sijanunua. Ukijumlisha kondoo, sukari na unga wa wasikilizaji, dizeli iliyoungua nikitetea, kuosha gari na koti lisilo na bitana, joto la usiku mmoja Matete lilinigharimu shilingi elfu kumi na saba, mia saba na hamsini.